Mama na Jiwe Lililofungwa Kamba

Thureya, Maimuna na nyote mlioandika kwenye grupu "Japani vipi?" nami nikajibu "nzuri" kisha nikanyamaza, naomba radhi. Si maringo. Mnanijua mdomo wangu ulivyo mzito. Nikiulizwa kitu mbele za watu, jibu hunijia kesho yake. Basi jibu lenyewe ndilo hili, limechelewa wiki tatu. Mambo ya tiketi na karatasi nayaruka, hakuna mtu anayetaka kuyasoma.

Ila lazima mjue kwanza kwa nini tulikwenda. Mama aliniahidi safari moja nikimaliza mitihani. Alidhani nitasema Dubai, au nyumbani Wete. Nikasema Kyoto.

"Kuna nani huko?" akauliza.

"Hakuna mtu. Kuna nyumba."

Nyumba hiyo inaitwa Katsura. Niliiona kwenye kitabu cha maktaba nilipokuwa na miaka kumi na miwili, na tangu hapo nimekuwa nikiichora pembezoni mwa madaftari yangu yote, hata la hesabu. Ni kasri ya mapumziko iliyojengwa karne ya kumi na saba na mwana wa ukoo wa kifalme, na mwanawe akaja kuimalizia. Si kasri ya dhahabu. Ni mbao, karatasi, mianzi na bwawa. Kuna jukwaa dogo la mianzi lililojengwa kwa kazi moja tu, kuutazama mwezi ukipanda juu ya maji.

Sasa, mwezi wa tisa mimi naanza masomo ya miaka miwili ya kabla ya chuo, na lazima nichague matatu. Mama anataka kemia na bayolojia, niwe mfamasia. Mimi nataka sanaa na ubunifu, nije nipange nyumba na bustani. Tumelumbana mwaka mzima, yaani yeye analumbana, mimi nanuna. Mwisho akasema, "Haya, twende. Unioneshe hiyo nyumba yako. Nikiona ina maana, tutazungumza. Nikiona ni mbao tu, unaandika kemia na bayolojia, na sitaki kuona mtu kavuta mdomo."

Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano yetu. Kila ninachosimulia hapa, nilikuwa nakipima kwa uso wa Mama.

Walthamstow hadi uwanja wa ndege

Mama anafanya kazi nyumba ya kulelea wazee. Siku ya safari alitoka zamu asubuhi, akaoga, akafunga samaki wa kukaanga kwenye karatasi ya foili, akajaza visheti kopo zima, tukatoka. Sisi tunakaa mwisho wa reli ya chini ya ardhi ya London, kwa hiyo treni huwa tupu tukipanda. Nilikaa nikitazama kioo cheusi, nikajiona nimeshika mkoba kama mtu anayepelekwa hospitali.

Kwenye ukaguzi afisa mmoja akafungua kifurushi cha Mama.

"Hiki ni nini?"

"Samaki," akasema Mama.

"Wote?"

"Wote. Kwani we ulitaka niwaache wengine nyumbani?"

Akacheka, akatupitisha. Lakini radi ilianza kupiga London nzima, ndege zikazuiwa kuruka, na sisi tukakaa saa tano kwenye viti vya chuma. Mama akafungua kopo la visheti na kugawa mstari mzima wa watu asiowajua. Bibi mmoja wa Kijamaika kutoka Lewisham, amevaa kofia ya kanisani, alivipenda sana. Akamuuliza Mama tunakwenda Japani kufanya nini.

"Mwanangu ana nyumba kule," Mama akajibu kwa Kiingereza chake, bila hata kupepesa.

Yule bibi akanigeukia macho yamemtoka. "Msichana mdogo hivi! Hongera, mpenzi. Vyumba vingapi?"

Ningesema si yangu. Ningesema ni ya ukoo wa kifalme. Nikasema, "Vingi kidogo," nikainamisha kichwa. Ndivyo nilivyo.

Doha hadi Kyoto

Kwa ajili ya zile saa tano tulikosa ndege ya pili Doha, tukapewa nyingine. Nikapiga hesabu vidoleni. Katsura huingii tu kama sokoni. Unapewa siku na saa, unaingia na kundi, unatembezwa kama saa nzima, unatolewa. Ukichelewa, basi. Yetu ilikuwa saa nane mchana, siku ambayo tulipangiwa tuwe tumeshapumzika. Sasa tulikuwa tunatua Osaka asubuhi ya siku ileile.

Toka hapo kila kitu nilikiona kama nimo ndani ya maji. Treni ya kwenda Kyoto ilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia Mama akipumua. Mapaa meusi yalipita, mashamba madogo ya kijani kati ya nyumba yakapita, vilima vikapita vimejifunika ukungu wa joto. Sikujua kama nimeamka au nimelala.

Stesheni ya Kyoto Mama akaenda msalani, akakaa muda mrefu hadi nikaogopa. Alipotoka uso unang'aa.

"Ruwaida! Choo chao kina maji! Unabonyeza, yanakuja yenyewe, ya uvuguvugu. Miaka yote hii Ulaya natembea na kopo, kumbe kuna watu waliostaarabika."

Nikaandika moyoni: Japani moja, kemia sifuri.

Kisha akatandika shela yake nyuma ya nguzo, akasali. Alipokaa kwenye tahiyatu, mfanyakazi mmoja wa stesheni mwenye glavu nyeupe akaja mbio, akapiga magoti mbele yake na chupa ya maji. Alidhani ameanguka kwa joto. Mama haongei akiwa ndani ya sala, na mimi, kama kawaida, maneno hayakutoka. Basi yule kaka akakaa palepale amepiga magoti, amemshikia chupa kwa mikono miwili, anasubiri. Mama akatoa salamu kulia, akatoa kushoto, akapokea maji.

"Arigato," akasema. Neno hilo alijifundisha kwenye ndege. Wote wawili wakainamiana vichwa.

Samaki walikuwa wamekwisha, tukanunua wali wa pembetatu uliofungwa mwani wa baharini, ndani una samaki. Karatasi yake imeandikwa moja, mbili, tatu, ufungue kwa utaratibu huo. Mama alianza na tatu. Mwani ukabaki kwenye karatasi, wali ukabaki mkononi. Msichana wa shule aliyekaa karibu akafungua wake polepole ili Mama aone, bila kusema neno. Nikatamani kumwambia kwamba na mimi hufanya hivyohivyo, huonesha badala ya kusema.

Basi la kwenda Katsura unapandia mlango wa nyuma na kushukia wa mbele. Sisi tulipandia wa mbele kama London, na masanduku, tukakutana uso kwa uso na kijiji kizima kinachoshuka. Tulifika getini zimebaki dakika sita, masanduku tukayaacha kwenye makabati ya wageni.

Katsura

Nje kuna ua wa mianzi. Nilijua kwenye kitabu, lakini sikujua kwamba Mama ataugusa. Ni mianzi hai, imepindwa juu chini ikafumwa pamoja huku bado inaota.

"Hawakuikata," akasema. "Wameisuka nzimanzima, kama mtu anasuka ukili wa mkeka." Akanitazama pembeni mwa jicho. Sikuthubutu kutabasamu.

Tulikuwa watu kama ishirini. Mbele kiongozi, dada mrefu mwenye sauti ndogo, akieleza kwa Kiingereza. Nyuma kabisa mlinzi mzee mwenye sare, kazi yake kuhakikisha hakuna anayebaki. Nyenze walikuwa wanalia miti yote, sauti kama sufuria kubwa inayochemka, na joto lilikuwa limetukumbatia. Mimi nilikuwa mbele. Mama alikuwa nyuma, kwa sababu ya magoti yake.

Jambo la kwanza unaloliona pale ni kwamba huoni. Mbele ya bwawa wamepanda msonobari mmoja makusudi ili usilione lote kwa mara moja.

"Sasa si waukate?" nikamsikia Mama huko nyuma.

Halafu ni mawe ya kukanyagia. Yako mbalimbali, mengine madogo, mengine yameinuka, kwa hiyo huwezi kutembea bila kutazama miguu. Unatazama chini, unatazama chini, mara jiwe moja linakuja pana kama meza, unasimama vizuri, unainua uso. Na hapo ndipo bwawa lipo. Walipanga mahali pa wewe kuinua uso! Nilikuwa nimelisoma jambo hilo mara nyingi, lakini shingo yangu ilipoinuka yenyewe bila kuambiwa, nilihisi kama mtu aliyekufa zamani amenishika kidevu taratibu.

Sasa tuje kwenye jiwe.

Karibu na kibanda kimoja cha chai njia inagawanyika mbili. Juu ya jiwe la kukanyagia la njia ya kushoto palikuwa na kijiwe cha mviringo, ukubwa wa balungi, kimefungwa kamba nyeusi msalaba, na kifundo juu. Mimi nilipita nikakiona, nikajua. Kazi yake ni kusema: huku usipite. Hawaweki ukuta, hawaweki mnyororo, wala bango. Wanaweka hicho tu.

Mama hakujua. Mama alichokiona ni jiwe katikati ya njia. Na nyie mnajua sisi tulivyolelewa, kuondoa udhia njiani ni sadaka. Mama hawezi kupita ganda la ndizi Walthamstow bila kuliinamia. Isitoshe, kazini kwake adui ni mmoja tu, kuanguka. Akaona wazee kwenye kundi, akaona jiwe, akasema "Bismillahi," akaliokota, akaliweka pembeni, juu ya lile zulia la kijani linaloota penye unyevu, ambalo wanalitunza kama nywele za bi harusi.

Bwana mmoja wa kofia pana na kamera alikuwa nyuma yake. Alipoona njia wazi, akapita kushoto. Mkewe akamfuata. Yule mlinzi mzee akatoa sauti ambayo si neno, "A! A! A!" huku anakimbia bila kukimbia, maana na yeye alikuwa anaogopa kukanyaga.

Kundi likasimama. Kiongozi akarudi nyuma, akaliona jiwe lilipo, uso ukabadilika.

"Nani ameliondoa?"

Mama akanyoosha mkono. Kwa furaha, kama mtoto aliyejua jibu darasani. "Mimi. Mtu angejikwaa."

Hapa nitasema kitu ambacho sijamwambia mtu. Kama sekunde mbili hivi, niligeuka nikatazama bwawa. Nilitazama kama mtu asiyemjua yule mwanamke wa abaya. Watu kumi na wanane walikuwa wanamwangalia, na mimi nikawa mmoja wao.

Kiongozi akazungumza na mlinzi, kisha akaja kwa Mama kwa adabu iliyonyooka. Akasema samahani, anayegusa vitu vya bustani hawezi kuendelea. Mlinzi atampeleka akasubiri getini. "Binti yako anaweza kuendelea na kundi."

Mama sasa akaelewa kwamba hapongezwi. Mkono ukashuka. Akaniambia kwa Kiswahili, sauti ndogo ambayo si yake, "Nenda, mwanangu. Ndiyo uliyoijia. Mi nitakaa."

Jukwaa la mwezi lilikuwa ng'ambo ya kona. Paa lake nililiona. Nikajua pia kwamba Mama akitoka kwenye lango lile kwa aibu, makubaliano yetu yamekufa. Lakini wallahi sikufungua mdomo kwa ajili ya makubaliano. Nilifungua kwa sababu ya ule mkono ulivyoshuka.

"Kwetu," nikasema, kisha nikaanza upya. "Kwetu ukikuta kitu njiani kinachoweza kumwangusha mtu, unakiondoa. Ni ibada. Hata kama njia si yako. Yeye hakuona kizuizi. Aliona wazee hawa watajikwaa. Hakutaka kuharibu, alitaka... alikuwa anaitunza njia yenu."

Kiongozi akanitazama, kisha akamtafsiria mlinzi, kirefu kuliko nilivyosema mimi. Mzee akasikiliza. Akauliza kitu. Kiongozi akaniambia, "Anauliza kama ni kweli mnafanya hivyo hata kwenye njia ya watu wengine."

"Kila siku," nikasema. "Tunachelewa basi."

Mzee akainama, akaliinua jiwe kwa kile kifundo cha juu, kumbe ndio mkono wake wa kushikia. Halikuacha hata alama kwenye ule ukijani, Mama alikuwa ameliweka kama yai. Hilo naye aliliona. Akampa Mama jiwe kwa mikono miwili na kumwonesha mahali. Mama akalirudisha. Mzee akatazama, akalisogeza unene wa kidole kimoja.

"Mkorofi huyu, kama msimamizi wetu wa zamu," Mama akanong'ona. Lakini alikuwa anafuta machozi.

Tukaendelea, sote wawili. Njiani akaniuliza, "Kijiwe tu kile? Na watu wanatii?"

"Wanatii."

"Hakuna polisi?"

"Hakuna."

Akageuka nyuma kukitazama tena.

Jukwaa la mwezi nilikaa nalo kama dakika nne. Kwenye michoro yangu nimelifanya kubwa kama uwanja. Kumbe ni dogo, pengine sawa na jiko letu, mianzi imepangwa ubavu kwa ubavu, hairuhusiwi kukanyagwa. Nyumba yenyewe inarudi nyuma kwa hatua, jengo baada ya jengo, kama mabata wanavyojipanga wakiruka, ili kila chumba kipate bwawa lake. Ilikuwa mchana mkali. Mwezi haukuwepo. Lakini kwa vile sikuwa nimelala siku mbili, nilipotazama maji niliona weupe ukipanda taratibu kutoka chini, na nikasikia watu wamekaa kimya wakiusubiri, watu wa zamani, na mimi mmoja wao, na hakuna aliyeniuliza kitu. Kisha kiongozi akasema twende.

Jioni hotelini nikamuuliza Mama ameionaje. Nilishindwa kuvumilia.

"Nzuri," akasema. "Safi. Lakini nyumba ya kuangalizia mwezi, Ruwaida? Mwezi si upo hata Walthamstow?"

Nikageukia ukuta.

Shugakuin

Kesho yake tulikwenda kasri ya pili, Shugakuin, chini ya milima. Hii aliipanga mfalme mkuu aliyekwishaacha kiti. Nilikuwa nimekata tamaa, nilitembea tu. Basi tukapita lango, njia ikafunguka, na Mama akasimama kama aliyepigwa kibao.

"Mpunga!"

Ndani ya bustani ya kifalme, katikati kabisa, kuna majaruba ya mpunga ya kweli, na wakulima wa jirani ndio wanaolima. Ulikuwa kijani unaanza kutoa masuke. Mama amekulia kwenye mabonde ya mpunga Pemba, utotoni kazi yake kuamia ndege. Alimbana kiongozi wa siku ile, kijana wa watu, kwa maswali. Nani anapalilia? Maji yanatoka wapi? Kwa nini lile la kushoto limekaushwa?

"Mfalme alitaka yaonekane," kijana akaeleza. "Wakulima ni sehemu ya mandhari."

"Mandhari!" Mama akasema. "Mgongo wangu ulikuwa mandhari na sikujua."

Baadaye njia ikaanza kupanda. Imebanwa na ua wa miti mirefu pande zote, huoni kulia wala kushoto, unaona ngazi tu. Mama alikuwa anahema. Mimi nilimshika mkono, nikiwaza kwamba nimeharibu kila kitu, nimemleta mwanamke mwenye magoti mabovu kupanda mlima bure. Kileleni kuna kibanda kitupu cha mbao. Sakafu yake imetiwa vijiwe vyekundu na vyeusi, kimoja kimoja, viwili viwili, vitatu vitatu. Mama akaegemea nguzo ya nje ya upenu.

"Sasa geukeni," kijana akasema.

Tukageuka. Chini yetu ziwa lote, na visiwa, na miti, na baada ya miti mji, na baada ya mji milima ikififia mmoja nyuma ya mwingine hadi hujui wapi inaisha mbingu inaanza. Upepo ukatupiga shingoni.

Pumzi ilipomrudia, Mama akauliza, "Mwulize. Huyu mfalme alikuwa mtu mzima alipopanga hapa?"

Nikamwuliza. Hii mara ya pili kusema mbele za watu, na haikuniuma sana. Kijana akasema ndiyo, alikuwa amestaafu zamani.

"Nilijua," Mama akasema. "Alijua pumzi inakatikia wapi. Pale inapokatika ndipo akaweka kitu cha kutazama." Akasugua goti lake. "Kazini kwetu kuna ukumbi mrefu, mweupe, hauna pa kushika wala pa kutazama. Bibi wangu wa chumba cha mwisho huanguka palepale kila mara. Tunaandika: miguu dhaifu. Si miguu yake, Ruwaida. Ni ukumbi. Aliyeuchora hajawahi kumsindikiza mtu chooni."

Sikujibu. Kwa mara ya kwanza haikuwa aibu. Niliogopa nikisema kitu atabadili mawazo. Ila hakusema ndiyo. Wala hakusema siku iliyofuata, wala kwenye ndege, ambako alilala kutoka Osaka hadi Doha amenilalia begani, na mimi nikakaa macho wazi, bado niko juu ya kile kilima.

London tena

Matokeo yalitoka, mazuri ya kutosha. Siku ya kujiandikisha tulikwenda wote wawili. Ukumbi wa shule umejaa wazazi, meza zimepangwa kwa herufi. Mwalimu akatukaribisha, akafungua fomu yangu, akamtazama Mama, maana kila mwaka Mama ndiye anayenijibia.

"Haya, amechagua masomo gani?"

Mama akafunga mkoba wake, akaweka mikono juu yake, akafumba mdomo. Nikamtazama. Akanitazama. Wazazi walikuwa wamepanga foleni nyuma yetu, mwalimu ameshika kalamu hewani. Nikasubiri aseme bayolojia. Hakusema kitu. Alikuwa amekaa tu, ametulia, na nikaelewa kwamba nafasi ile ameiacha wazi kwa ajili yangu.

"Sanaa na ubunifu," nikasema. "Na hesabu."

"La tatu?"

Hapo nilimwona Mama amekaza macho kwenye meza, anajizuia kwa nguvu zake zote. Mshipa wa shingo umemsimama.

"Kemia," nikasema.

Mama akashusha pumzi. Hiyo kemia ni yake, na sijui kama nitaiweza.